Jina la Timu ni Doo: Venye Vegas Golden Knights Waliwekewa Ngori Juu ya Jina Lao Wenyewe

Kama wewe ni msee wa mtumba, lazima umewahi kutana na zile jezi kubwa za mikono mirefu pale Gikomba ama Toi. Nzito, pana, ziko na namba kubwa mgongoni. Wengi huzibeba za kupiga luku tu, hata hawajui ni za mchezo gani. Hizo ni jezi za hoki ya barafu, na siku ukipata moja yenye helmeti ya dhahabu na V katikati, jua umeshika Vegas Golden Knights.

Hiyo timu ililipiwa dola milioni 500 ndio iingie kwa ligi. Lakini wiki mbili tu baada ya kutangaza jina lake kwa mbwembwe, serikali ya Marekani iliwaambia: hilo jina hatuwezi kuwasajilia, kuna chuo kidogo kilitangulia. Wakiwa bado wanapambana na hiyo, jeshi nalo likaingia kwa stori.

Kama uko na brandi ya hudi, chaneli ya YouTube, mbogi ya densi ama timu ya mtaa yenye jina imeanza kushika, hii stori ni yako pia. Wacha nikuchanue.

Alama ya biashara ni nini hasa?

Alama ya biashara ni kitu chochote kinachomwambia mnunuzi hii bidhaa ama huduma imetoka kwa nani. Inaweza kuwa jina, nembo, slogani, ama vyote pamoja. Usichanganye na hakimiliki. Hakimiliki inalinda kazi uliyotunga, kama wimbo, picha ama kitabu. Alama ya biashara inalinda ule utambulisho, ile kitu inafanya mtu aone nembo na ajue ni nyinyi bila kuuliza.

Kuna mambo matatu ukiyaelewa, stori nzima itakuwa rahisi.

La kwanza, alama husajiliwa kwa aina ya bidhaa. Kuna madaraja 45 ambayo nchi nyingi duniani hutumia. Nguo ziko daraja la 25. Burudani na michezo ni la 41. Vifaa vya michezo ni la 28, mabegi ni la 18. Ndio maana jina moja linaweza kuwa na wenyewe wawili na wasigombane, mmoja akiuza simiti na mwingine akioka keki.

La pili, swali kubwa ni hili: je, mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganyikiwa? Si lazima majina yafanane herufi kwa herufi. Yakikaribiana kwa sauti, kwa maana ama kwa venye yanaonekana, na biashara ziwe zinakaribiana, mkaguzi atakataa.

La tatu, huko Marekani haki ya jina huanza na kulitumia, si karatasi. Ndio maana unaona herufi ndogo TM kando ya majina mengine. Hiyo inamaanisha mtu anadai jina ni lake. Ile R ndani ya duara ni ya jina ambalo tayari limesajiliwa. Kuweka hiyo R kabla ya kusajiliwa ni kujitafutia mashida.

Mdosi, jiji la kamari na jina lililobaki

Mwezi wa Juni 2016, ligi kubwa ya hoki ya barafu, NHL, ilikubali Las Vegas ipate timu. Mwenye timu ni Bill Foley, tajiri aliyesomea West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani. Timu za West Point zinaitwa Black Knights, yaani mashujaa weusi, wale wapiganaji wa zamani wa farasi na mavazi ya chuma. Foley aliipenda hiyo picha sana, na alitaka timu yake iitwe Knights kwa njia moja ama nyingine.

Lakini Black Knights lilikuwa la jeshi. Na Knights peke yake lilikuwa na mwenyewe upande wa Canada: London Knights, timu ya vijana wa London. Si hiyo London ya Uingereza unafikiria, hii iko Ontario. NHL iko na timu Marekani na Canada, so jina lazima lipite pande zote mbili. Ndio wakaishia Golden Knights. Neno Las nalo likaachwa nje, maanake wenyeji wenyewe husema tu Vegas.

Tarehe 22 Novemba 2016 wakafanya sherehe, umati ukajaa, jina na nembo zikaanikwa. Kofia zikaanza kuuzwa.

Tarehe 7 Disemba 2016, siku 15 baadaye, barua ikaingia kutoka kwa ofisi ya hataza na alama za biashara ya Marekani. Jibu: zii. Sababu ilikuwa College of Saint Rose, chuo kidogo cha Albany, New York, ambacho timu zake ziliitwa Golden Knights na kilikuwa kishasajili hilo jina. Ofisi ikaona majina yanafanana, na yote mawili ni ya mambo ya michezo. Kuongeza neno Vegas mbele hakusaidii, kwa sababu jina la mahali linasema tu uko wapi, halisemi wewe ni nani.

Hebu fikiria. Upande mmoja kuna dola nusu bilioni. Upande mwingine kuna chuo ambacho hata michezo yake ilikuwa daraja la pili la vyuo. Na mkaguzi hakuangalia nani ako na ganji. Aliangalia nani alitangulia kwa rejista.

Barua ya kukataliwa si mwisho

Hapa ndio watu wengi walikosea wakati hiyo habari ilitoka. Walicheka kwamba Vegas wamepokonywa jina. Hawakupokonywa. Ile barua ilikuwa jibu la kwanza, na walipewa miezi sita ya kujitetea, hadi Juni 2017. Pia, kukosa usajili hakukuwazuia kutumia jina. Walichokosa ni ile ngao ya kisheria inayokusaidia kumkimbiza mtu anayeprint tishati feki.

Utetezi wao ulikuwa wa kueleweka. Kwa michezo ya Marekani, timu za kulipwa na za vyuo zimeishi na jina moja miaka mingi. Kuna Boston Bruins wa NHL na kuna Bruins wa chuo cha UCLA. Kuna Carolina Hurricanes wa NHL na kuna Hurricanes wa chuo cha Miami. Hakuna shabiki amewahi kununua tiketi ya hoki akitarajia kuona wanafunzi wa Miami wakicheza futiboli ya Kimarekani.

Hata hilo jina la Golden Knights halikuwa la Saint Rose pekee. Chuo cha Clarkson, huko huko jimbo la New York, kiko na Golden Knights wake, na hao hucheza hoki ya barafu kabisa. Jina likiwa limetumiwa na watu wengi, nguvu yake ya kumzuia mtu mwingine inapungua. Hiyo ni silaha kwa anayeomba, lakini pia ni onyo kwake: jina lenye kila mtu anatumia ni ngumu kulilinda hata ukishalipata.

Halafu jeshi likashuka na parachuti

Ombi likishapita kwa mkaguzi, bado halijaiva. Linachapishwa kwa gazeti rasmi, na umma unapewa nafasi ya kupinga. Huko Marekani ni siku 30, na unaweza kuomba muda zaidi. Hii hatua wengi huisahau, na ndipo Januari 2018 jeshi la Marekani liliwasilisha pingamizi.

Kumbe jeshi liko na kikosi cha maonyesho ya kuruka na parachuti. Kilianzishwa 1959, na tangu 1962 kinajulikana kama Golden Knights. Rangi zao ni nyeusi na dhahabu. Rangi za Vegas? Dhahabu, nyeusi, kijivu cha chuma na nyekundu kidogo. Jeshi likasema jina ni letu, rangi zinafanana na zetu, na watu watadhani tuko pamoja.

Na kumbuka Foley alikuwa amesema hadharani mara kadhaa venye West Point ilimfinyanga na venye anaipenda. Kwa mahojiano hizo ni stori tamu. Kwa kesi ya jina, maneno kama hayo yanaweza kugeuka ushahidi kwamba ulijua mwenye jina ni nani na ulitaka kukaa kando ya moto wake. Wewe unayeandika kwa wasifu wa Instagram kwamba brandi yako imetokana na brandi fulani kubwa, soma hapo mara mbili.

Timu ilijibu kwa kejeli kidogo: haijasikia shabiki hata mmoja akilalamika kwamba alikuja uwanjani akitarajia waruka parachuti akapata mechi ya hoki. Unaweza kucheka, lakini hiyo ilikuwa hoja ya kisheria moja kwa moja. Walikuwa wanasema: kuchanganyikiwa kuko wapi?

Ni nini kilikuwa hatarini

Kufikia hiyo Januari 2018, jina halikuwa tena kitu cha kuchora kwa karatasi. Tarehe 1 Oktoba 2017, siku chache kabla ya msimu wao wa kwanza kuanza, mtu alifyatulia risasi umati kwenye tamasha la muziki Las Vegas. Watu 58 walihesabiwa kufa wakati huo. Timu ambayo haikuwa imecheza hata mechi moja rasmi ikajipata ndio inashika jiji mkono. Baadaye waliistaafisha namba 58, hakuna mchezaji wao ataivaa tena.

Halafu wakaanza kushinda. Timu mpya kawaida huwa ni ya kuchapwa. Hawa walimaliza kileleni mwa kundi lao na kufika fainali ya Stanley Cup mwaka wao wa kwanza, wakapoteza kwa Washington Capitals. Kila kona ya jiji kulikuwa na hiyo helmeti. Kwa wenyeji, Golden Knights lilikuwa tayari linamaanisha kitu ambacho hakuna wakili angeandika kwa fomu.

Hapo ndio unaelewa thamani ya alama inatoka wapi. Haitoki kwa usajili. Inatoka kwa watu. Usajili ni ua tu la kuzunguka shamba ambalo tayari limeota. Shida ni kwamba ukipanda kwa shamba la mwenyewe, mavuno yakiwa mazuri ndio vita inakuwa kubwa.

Walimalizaje?

Julai 2018 pande zote mbili zilitangaza wameelewana. Wanaita makubaliano ya kuishi pamoja: timu inaendelea kuitwa Golden Knights, kikosi cha parachuti kinaendelea kuitwa Golden Knights, na jeshi linaondoa pingamizi lake. Makubaliano kama haya huwa ni mkataba unaosema kila mtu atakaa wapi na asivuke mpaka gani.

Mwaka wa 2023 Vegas walibeba Stanley Cup. Na kile chuo kilichowapa presha ya kwanza? College of Saint Rose kilifunga milango 2024 kwa sababu ya madeni na wanafunzi kupungua. Dunia ni mviringo.

Utah: waliopata wachezaji wakakosa jina

Kama unadhani wengine walijifunza, cheki Utah. Mwaka wa 2024 wachezaji wa Arizona Coyotes walihamishwa hadi Salt Lake City chini ya mwenye timu mpya, Ryan Smith. Wachezaji walihama, lakini jina Coyotes halikuhama nao. Jina na timu ni mali mbili tofauti, na unaweza kununua moja ukaacha ingine.

So wakacheza msimu mzima wakiitwa tu Utah Hockey Club, huku mashabiki wakipigia kura majina. Yeti, yule jitu wa theluji wa hadithi, lilikuwa kati ya majina yaliyopendwa zaidi. Lakini kuna YETI, kampuni ya Texas inayojulikana kwa vyombo vya kuweka vinywaji baridi, na ambayo pia huuza nguo. Januari 2025 ofisi ya alama ikakataa, mazungumzo na kampuni yakagonga mwamba, na jina likatupwa. Kura za mashabiki hazikusaidia kitu.

Mei 2025 wakatangaza Utah Mammoth. Hawajakaa, kampuni ndogo ya Portland, Oregon, inayouza mabegi ya vifaa vya hoki kwa jina Mammoth Hockey, ikateta. Kufikia Agosti timu ilikuwa mbele ya korti, na timu yenyewe ndio ilishtaki, ikitaka jaji aseme iko na haki ya kulitumia. Ona tofauti: vyombo vya baridi na hoki viko mbali kidogo, lakini begi la hoki na timu ya hoki ni majirani wa ukuta mmoja.

Jina linaweza kuishi kuliko timu

Moja ya mwisho. Hartford Whalers walihama 1997 na kugeuka Carolina Hurricanes. Whalers kama timu walikufa. Lakini nembo yao, W na mkia wa nyangumi vikitengeneza H katikati, bado inapendwa hadi leo. Hurricanes walishikilia haki zake, na Disemba 2018 waliingia uwanjani wakiwa na jezi za Whalers. Timu ilizikwa miaka zaidi ya 20 iliyopita na bado inauza kofia. Nembo nzuri haina kaburi, bora iwe na mwenyewe.

Sasa wewe wa mtaani

Usidhani hoki ya barafu ni ya majuu pekee. Nairobi kuna Kenya Ice Lions, mbogi iliyokuwa inatelezea pale Panari, Mombasa Road. Mwaka wa 2018 wachezaji wao walipelekwa Canada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kwa tangazo la Tim Hortons, na 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshirika wa shirikisho la hoki ya barafu duniani. Jina dogo la Nairobi likaonwa dunia nzima. Jina lako pia linaweza kuamka siku moja liko kila mahali, na hiyo siku si ya kuanza kuuliza ni la nani.

Kwa Kenya, alama za biashara husajiliwa na KIPI, ofisi yao iko Popo Road, South C. Shika hizi:

1. Tafuta kabla ya kuchapisha. KIPI watakufanyia upekuzi wa rejista ujue kama kuna jina linalofanana na lako. Fanya hivyo kabla ya kuprint hudi ya kwanza, si baada ya kuuza ya mia moja.

2. Kusajili jina la biashara kwa eCitizen si kusajili alama ya biashara. Ni vitu viwili tofauti. Cheti cha jina la biashara hakimzuii mtu kuuza nguo zenye jina lako.

3. Chagua daraja kulingana na kazi yako. Kama unafanya shoo na pia unauza nguo, fikiria 41 na 25.

4. Subiri gazeti. Ombi likikubaliwa linachapishwa, na mtu yeyote ako na siku 60 za kupinga. Hapo ndipo jeshi lako la parachuti linaweza kutokea.

5. Usajili ni wa miaka 10, na unaweza kuurudia tena na tena. Lakini lazima utumie jina. Ukikaa miaka mitano bila kulitumia, mtu anaweza kuomba liondolewe.

6. Jina la kipekee linalindwa kirahisi. Mashujaa, simba, wafalme, nyota: hayo yameshikwa kila mahali. Jina ulilobuni mwenyewe kutoka mwanzo ndio ngao kali zaidi.

7. Kama mmekuwa mbogi, andikeni jina ni la nani. Vikundi vingi huvunjika, halafu kila mtu anadai jina ni lake. Kumbuka Coyotes: wachezaji wanaweza kuondoka wote na jina likabaki kwa mtu mmoja.

8. Ukiletewa barua ya kukataliwa, usizime simu. Soma sababu, jibu kwa muda uliopewa, na kama mpinzani ni wa kuongeleka, ongea. Vegas waliokoa jina lao kwa kuketi chini na jeshi, si kwa kulipita.

Foley alikuwa na pesa za kununua timu nzima, lakini hakuweza kununua nafasi ya kutangulia. Ilibidi ajieleze kama mtu mwingine yeyote, kwanza kwa ofisi, halafu mbele ya wanajeshi. Wewe huna dola milioni 500. Lakini uko na kitu yeye alikosa: bado hujatangaza jina. Kalitafute kwa rejista leo.